Sekunde nane ubavuni mwa semi

Mjomba wangu aliendesha malori ya Dar kwenda Tunduma kwa miaka 22. Alistaafu na goti moja bovu na tabia ya kunisemesha kila ninaposhika usukani. Desemba ile alikaa kiti cha mbele, watoto wangu wawili nyuma, tunakwenda Iringa kula sikukuu. Tulikuwa tumeshaipita Doma. Mbele kulikuwa na semi, lori lenye tela refu, imebeba kontena, inajikongoja kwenye kilima, spidi kama 60 hivi. Kati yangu na semi kulikuwa na gari dogo jeupe la IT, yale yanayotolewa bandarini kupelekwa nje ya nchi, na madereva wake kila mtu wa njia ile anawajua. Likachomoka kuovateki. Nami nikachomoka nyuma yake.

Sikuangalia barabara. Niliangalia mgongo wa lile gari, macho ya dereva wake nikayafanya yangu. Yeye nafasi alikuwa nayo: akapita, akarudi kushoto. Aliporudi ndipo nikaona alichokuwa amenizibia, basi linashuka na taa zote zinawaka. Mimi niko sambamba na matairi ya nyuma ya tela.

Mjomba hakupiga kelele. Alisema, "Breki, mama. Rudi nyuma yake," kama mtu anayeomba chumvi mezani. Dereva wa semi naye alikuwa ameshaona, maana matairi yake ya kushoto yalishateremka kwenye changarawe. Nikakanyaga, tela likanipita, nikajibana nyuma yake. Upepo wa basi ukatikisa gari letu. Mwanangu mdogo akauliza kama tumefika Mikumi.

Tulipofika Mikumi kweli tulisimama kula. Mikono yangu ilikuwa haishiki kikombe vizuri. Mjomba akachukua kalamu na bahasha kuukuu, akanipigia hesabu ambayo mwalimu wa udereva hakunipigia.

Semi inatembea 60, wewe unaipita kwa 90. Unaizidi kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8 na kidogo kila sekunde. Tela na kichwa chake ni kama mita 20. Uanze kutoka mita 20 nyuma yake, urudi ukiwa umemwachia mita 20 mbele, ongeza na urefu wa gari lako: jumla mita 65. Hizo ni sekunde nane. Kwa sekunde nane, kwenye 90, wewe umekwenda mita 200. Basi linalokuja kwa 80 limekwenda karibu mita 180. Kwa hiyo unahitaji takriban mita 400 za barabara tupu, viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa kichwa kwa mguu, na hapo bado hujaweka akiba ya kukosea. Kama ulikuwa umejibana nyuma ya lori kwa 60 ukaanza kuvuta kasi ukiwa tayari upande wa kulia, sekunde zinaongezeka.

Tangu siku hiyo nikiwa nyuma ya lori najivuta nyuma kwanza. Watu wanadhani kujibandika kwenye tela ndiyo kujiandaa kupita, kumbe ukijibandika huoni kitu zaidi ya matope ya tela. Ukikaa nyuma mita 40 au 50 unaona ubavu wote wa kushoto na wa kulia, unaona kona inaelekea wapi. Gari la nyuma yako litakuingilia kwenye hiyo nafasi, ndiyo. Liache. Jivute tena.

Kuna lugha ya indiketa. Wageni wa barabara hii hawaijui: lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia huku halikati kona popote, dereva anakwambia usipite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita. Ni ukarimu, na umewaokoa wengi. Lakini si sheria, na mara nyingine indiketa ya kulia ina maana ya kawaida kabisa, kwamba anakata kulia kuingia sheli. Matawi ya miti yaliyotupwa lami nayo ni lugha: mbele kuna gari limeharibika, pengine halina pembetatu, pengine halina hata taa. Ukiona tawi la kwanza punguza mwendo hapo hapo, usisubiri kuona la tatu.

Kuhusu kibao cha 50 cha vijijini, sisi wenye magari madogo tuna unafiki fulani. Mabasi na malori ya zaidi ya tani tatu na nusu yamewekewa 80, basi sisi tunajiona hatuna kikomo mpaka tukutane na tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Anayekuja mbele akikumulika taa unajua trafiki yuko karibu, unashuka hadi 48 na sura ya mtakatifu, ukimpita unarudi 120. Mimi nimeshalipa elfu thelathini mara mbili, na mara zote mbili nilipigwa tochi mwisho wa kijiji, pale unapoona nyumba zimeisha ukakanyaga mafuta kabla ya kufika kibao kinachomaliza 50. Nililalamika kama kila mtu. Halafu siku moja, Mikese, mtoto wa shule alikimbia kufuata mpira uliotoka uwanjani, nami nilikuwa 50. Nilisimama, akauchukua mpira, akanipungia mkono. Kwenye 100 unatembea karibu mita 28 kabla mguu haujagusa breki, na kusimama kunataka mita 50 na zaidi juu ya hizo. Mtoto hakuwa hata mita 40 mbele yangu.

Halafu hesabu ya muda, maana wote tunasema tunawahi. Kilomita 80 kwa mwendo wa 80 ni saa moja. Kwa 110 ni dakika 44. Umeokoa dakika 16, hapo ni kama hujakuta kijiji, tuta, rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo), mzani wala foleni, na kwenye njia hii vyote utavikuta.

Barabara pana ina ujinga wake. Kutoka Kimara hadi Kibaha siku hizi unachagua njia utakayo, na wengi wanachagua ya kulia kabisa, wanakwenda 50 huku wanaongea na simu. Nyuma yao watu wanaanza kupita kushoto, wanachomeka, wanachomoka. Kaa kushoto, kulia ni pa kupitia, ukimaliza kupita rudi. Kabla ya kuhama angalia kioo, washa indiketa, kisha geuza shingo kabisa, kwa sababu bodaboda hujificha mahali ambapo kioo hakifiki. Nimewahi kukutana na mmoja anakuja upande wangu, kinyume, na abiria wawili na godoro.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inakata mbuga kwa kilomita kama 50, na mwendo ni 70. Kuna kibao cha faini kwa kila mnyama, kwa dola. Soma ukipenda, ila twiga ana miguu mirefu, na ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo. Usiku ni bora usipite kabisa kama safari si ya lazima. Ukilazimika na wa mbele akakuwashia taa kali, usishindane naye kwa zako; peleka macho kwenye mstari mweupe wa pembeni kushoto mpaka apite.

Na Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa: shuka na gia ambayo ungepandia. Automatiki nazo zina gia ndogo, zimeandikwa 2 au L, zipo kwa kazi hiyo. Ukisikia harufu ya breki kuungua, hakikisha si zako.

Siku ile, baada ya chai na bahasha, tuliikuta tena semi yetu pale Kitonga, kontena lile lile. Ilitupita tukiwa mezani. Tukapanda nyuma yake pole pole, mstari wa katikati mzima, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Katikati ya kona dereva akawasha indiketa ya kushoto.

"Amekwambia pita," mjomba akasema. Nadhani alikuwa ananipima.

"Nimeiona taa yake, mjomba. Barabara sijaiona."

Akafungua dirisha, akatoa mkono, akampungia yule dereva kwenye kioo chake. Tulifika Ilula tukiwa bado nyuma yake, na watoto wamelala.