Tumepuliza dawa, mbu wamerudi wiki hiyohiyo

SWALI: Shikamoo anti. Niko Makorora hapa Tanga, nyumba ya kupanga, familia tatu uani. Tangu masika ianze mbu wametuzidi, basi tukachangishana tukamuita jamaa mmoja wa fumigesheni, akaja na ile mashine ya moshi, nusu saa haikufika kamaliza, kachukua hela yake kaondoka. Siku mbili tulilala raha, ya nne wamejaa kama hakuna kilichofanyika. Sasa kuna mwingine anasema dawa yake inakaa miezi sita. Tumlipe au ndo tunaliwa tena? Na nina mtoto wa miezi mitano, inanitia wasiwasi.
Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimlipe kwanza, mwite aje aione nyumba, na usikubali bei ya kwenye simu.

Ule moshi unaua mbu anayeruka saa ileile, upepo wa bahari ukishaupeperusha hakuna kinachobaki, na wale walioko majini bado ni viluwiluwi hauwagusi kabisa. Kwa joto letu hili yai linakuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja au siku kumi hivi, kwa hiyo hao wa siku ya nne walikuwa wameshakua majini wanangoja kutoka tu, na wengine wamekuja kutoka kwa jirani.

Sasa niambie, wanawauma saa ngapi? Maana hapo ndo kazi yote ilipo. Wakiuma mchana, miguuni, weusi wenye madoadoa meupe, hao ni Aedesi wa dengi, ile iliyotusumbua Dar na huku Tanga mwaka 2019, nao wanapenda maji masafi ya kwenye ndoo, tairi, vifuu, sahani za maua. Wakija usiku wakiimba sikioni wengi wao ni Kuleksi, wa maji machafu, chemba na mashimo ya choo, na ndio waliotuletea matende na mabusha ukanda huu wa pwani tangu enzi za mababu. Anofelesi wa malaria naye ni wa usiku. Chukua kikombe cheupe uchote maji unayoyashuku, kaa nayo kwenye mwanga uangalie: viluwiluwi vikining'inia kichwa chini ni Kuleksi au Aedesi, vikilala bapa juu ya maji ni Anofelesi.

Fundi anayejua kazi atafanya hivyohivyo kabla hajataja bei. Atazunguka na tochi, atafunua chemba, atachungulia simtanki, atauliza kuna mtoto, kuna mwenye pumu, kuna kuku. Akifika tu anawasha mashine, mrudishe. Mwambie akuonyeshe kibali chake, na dawa uione ikiwa kwenye chupa yake ya dukani yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya viuatilifu ya Arusha. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiikubali hata akupunguzie bei nusu, hujui kama ni ya shambani, na una mtoto mchanga humo ndani! Na yeye mwenyewe awe na glavu, miwani na barakoa yenye chujio, maana asiyejilinda yeye sidhani kama atakulindia mwanao.

Hiyo ya miezi sita, zipo kweli dawa za kupuliza ukutani zinazokaa miezi, ila zinamuua mbu anayetua kwenye ukuta huo tu, mkipaka rangi juu yake imekwisha, na mbu wengi siku hizi wamezoea zile dawa za jamii ya pairethroidi. Kwa hiyo muulize ni dawa gani, ya kundi gani, na wakirudi mapema atakuja tena bure? Akuandikie hata kwa WhatsApp.

Mimi hela ya kwanza ningeipeleka kwenye chemba, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, mbaneni wote watatu kwa pamoja. Mifuniko izibwe nyufa, bomba la hewa lifungwe wavu juu, na fundi aweke dawa ya kuua viluwiluwi iliyotengenezwa kwa bakteria, zinatengenezwa hapo Kibaha. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga kwenye mashimo ya vyoo chembe za lile povu jeupe linalofungiwa TV kwenye boksi, zikaelea zikafunika maji yote, mbu wakakosa pa kutagia na kupumulia, na Kuleksi wakapungua sana. Ndoo na mapipa msimwage maji tu, sugueni kingo, mayai ya Aedesi yanaganda pale na yanakaa makavu miezi.

Siku ya kupuliza mtoto atoke mapema na nguo zake na neti yake, vyakula na maji vifunikwe, mrudi baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo, madirisha yafunguliwe kwanza na mfute meza na sakafu anapotambaa. Neti ya dawa aendelee nayo hata mkishapuliza. Na homa yoyote ya mtoto wa umri huo mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, msianze kumpa dawa za duka.

SWALI: Nina kibwawa cha samaki uani, fundi wa kupuliza dawa ya mbu kasema hakina shida akipuliza. Ni kweli?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Pairethroidi zinaua samaki hata zikiwa kidogo sana. Asipulizie karibu nacho, na akipuliza ndani ya nyumba ukifunike. Kama ni perege waache, wanakula viluwiluwi, ila ng'oa majani ya pembeni ambako samaki hawafiki.