"Sista, mbona leo nyingi?"

Usiku ule nilikuwa nimebakiza nusu dakika hivi nimchome mzee wa watu insulini mara 10 ya dozi yake. Sirinji mkononi, pamba ya spiriti nimeshaipitisha, shati lake limepandishwa juu ya kitovu. Akaitazama sirinji, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa: "Sista, mbona leo nyingi? Jana ilifika hapa tu." Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye sirinji, karibu kabisa na pale mistari inapoanzia.

Jibu la kwanza lililonijia, na naona aibu kulisema, lilikuwa: "Baba, daktari ndiye aliyeandika." Sijui nini kilinizuia. Pengine ni ule ukucha. Nikamwambia anisubiri, nikarudi kwenye meza ya dawa, nikalifungua faili na kulimulika kwa tochi ya simu. Pale niliposoma 40 palikuwa pameandikwa 4U. Herufi U, kifupi cha uniti, kipimo cha insulini, iliandikwa kwa haraka, ncha zake mbili zikakutana juu, ikawa sifuri safi.

Uniti 40 si dozi ya ajabu. Wapo wagonjwa wanaopewa hizo na zaidi, ndiyo maana mkono wangu haukusita. Kwa mzee yule, mwembamba, figo zake zimechoka, aliyekula vijiko vitatu vya chakula cha jioni, sukari ingeshuka akiwa amelala, na sisi tungepita tukidhani leo amepata usingizi mzuri.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi baada ya hapo, na karibu kila ninachokijua kuhusu usalama wa mgonjwa kimetoka kwenye dakika zile mbili. Usinielewe vibaya, mafunzo nimehudhuria. Tunajifunza kwamba kati ya wagonjwa 10 wanaopata huduma, takriban mmoja hudhurika kwa huduma yenyewe, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangezuilika. Hizo ni hesabu za Shirika la Afya Duniani. Tunajifunza kuhusu ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya 1999, iliyokadiria kuwa makosa ya hospitalini yanaua watu kati ya 44,000 na 98,000 kwa mwaka katika nchi hiyo peke yake. Namba kubwa zina tabia ya kukufanya uwafikirie watu wengine, wazembe fulani huko. Mimi sikuwa mzembe. Nilikuwa muuguzi mwangalifu, na ndiyo maana kisa hiki kilinitisha.

Asubuhi nilimweleza inchaji wetu, muuguzi anayeongoza wodi. Si mama mpole, mumjue. Alishanisema mbele za watu kwa kuchelewa dakika tano. Nikajiandaa kwa kilio. Yeye akasema, "Niletee faili, na sirinji ya aina uliyotumia." Akaliangalia faili kwa muda, kisha akauliza taa ya meza ya dawa imezima tangu lini. Tangu Jumamosi. Akauliza muuguzi wa pili wa kuhakiki insulini alikuwa wapi. Alikuwa anampokea mgonjwa mpya, tukakubaliana atatia saini baadaye. Akauliza kama kuna mwingine aliyewahi kuusoma mwandiko ule vibaya. Kimya. Siku mbili baadaye mwenzangu mmoja akamfuata faragha, akakiri kwamba naye iliwahi kumtokea, kwa mgonjwa mwingine, akagutuka mwenyewe kabla ya kuchoma, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama yule dada angesema wiki zile, mimi nisingefika pale. Na hakusema kwa sababu alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba anayesema huandikiwa barua.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, aliufananisha ulinzi wa mgonjwa na vipande vya jibini vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja na matundu yake. Kwa kawaida tundu la kipande hiki huzibwa na kipande kinachofuata. Madhara hutokea siku matundu yote yanapolingana. Usiku wangu yalilingana: mwandiko, taa, saini ya baadaye, wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa. Kipande cha mwisho kilichobaki kilikuwa mgonjwa mwenyewe, naye nusura nimjibu kwa ukali.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa wanaoongoza wodi. Mtu akikuletea kosa ambalo halijamdhuru mtu, mpokee kama mtu aliyekuokotea mkoba wako barabarani. Uliza nini kilitokea kabla ya kuuliza nani. Simaanishi kila kitu kisamehewe. Anayekuja kazini amelewa, au anayeghushi chati, huyo ni habari nyingine. Ila aliyeteleza pale ambapo yeyote angeteleza, ukimwadhibu umenunua ukimya wa wodi nzima. Na ukishaambiwa, tengeneza kitu watu wakione. Inchaji wetu alibandika karatasi: kuanzia leo neno "uniti" liandikwe lote. Taa ikabadilishwa saa hiyo hiyo. Baadaye nilikuja kujua kuwa huko Marekani chombo kinachokagua hospitali kilishaipiga marufuku hiyo U peke yake tangu 2004, pamoja na ule mtindo wa kuandika 5.0 ambao nukta ikififia hugeuka 50, na wa kuandika .5 bila sifuri mbele. Tulikuwa tunarudia kosa ambalo wenzetu walishalilipia.

Nije kwenye kuhakiki kwa watu wawili, maana hapa tunajidanganya sana. "Hii ni 40, sawa eh?" "Sawa." Hapo hakuna aliyehakiki. Ukishaitaja namba, mwenzako anaiona namba yako badala ya kuliona faili. Mpe faili, mpe sirinji, nyamaza. Aseme yeye dozi ni ngapi na ni ya nani. Mkitofautiana, msiulizane nani mkubwa kazini, mpigieni aliyeandika. Na tafadhali, mtu akiwa anapanga dawa, usimsemeshe habari za harusi.

Kuna jambo lingine la kukiri. Kwa miaka kadhaa niliandika upumuaji wa kila mgonjwa kuwa 20. Fungua chati za wodi nyingi utakuta hivyo hivyo: watu 30, magonjwa 30, wote wanapumua mara 20 kwa dakika kama kwaya. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, lakini pumzi inataka usimame dakika nzima ukiangalia kifua cha mtu, na dakika hiyo ndiyo hatuna. Basi tuitafute, kwa sababu pumzi mara nyingi hubadilika saa kadhaa kabla ya presha kuanguka. Katika mfumo wa alama za hatari ambao madaktari wa Uingereza waliutoa 2012, mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika hupata alama 3, ya juu kabisa kwa kipimo kimoja, hata kama vingine vyote ni vizuri. Siku hizi nahesabu huku nimeshika mkono kama napima mapigo ya moyo. Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, anaanza kupumua kama yuko kwenye mtihani.

Ukishaipata namba hiyo, lazima uweze kuisema. Nilikuwa napiga simu saa tisa usiku hivi: "Daktari, samahani sana, mgonjwa wa kitanda namba 12 hali yake si nzuri." Na daktari, aliyelala dakika 20 tu, anajibu: "Mwongeze dripu, nitamwona asubuhi." Kisha namlaumu daktari. Lakini nilimwambia nini? Sikumwambia kitu. Leo nasema hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda namba 12 anapumua mara 28 kwa dakika, presha ni 90 kwa 50, na saa mbili zilizopita ilikuwa 120 kwa 75. Alipasuliwa utumbo juzi. Nahofia anavuja damu ndani au ana maambukizi yaliyosambaa. Nakuomba uje sasa hivi, na niambie nianze na nini wakati unakuja."

Nani, kuna nini, kimetoka wapi, nadhani ni nini, nataka nini. Mpangilio huu ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla ya hospitali kuuazima, na mantiki yake inaeleweka: ndani ya chombo kile hakuna nafasi ya mtu kuzunguka mbuyu. Kipande kigumu kwa wauguzi ni kile cha "nadhani" na "naomba". Tumelelewa kutoa taarifa, si kutoa maoni. Toa maoni. Ukikosea, daktari amepoteza usingizi. Na akikupa agizo kwa simu, lirudie kwa sauti, dozi uitaje tarakimu moja moja: moja, tano.

Madaktari wanaosoma hapa, neno moja: muuguzi aliyekuamsha bure leo, mshukuru. Ukimfokea, kesho atasubiri mpaka awe na uhakika, na uhakika wodini mara nyingi huja umechelewa.

Kunawa mikono sitakaa sana. Daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wa Vienna wanawe kwa maji ya klorini mwaka 1847, na vifo vya akina mama wazazi vikashuka haraka; wengi walimbishia wakati ule, lakini leo hakuna anayebisha kwamba mikono inabeba magonjwa. Kinachotushinda ni umbali. Sinki liko mwisho wa korido, mgonjwa yuko hapa, na mimi nina wagonjwa 15. Hospitali za chuo kikuu cha Geneva ziliweka kitakasa mikono karibu na kila kitanda katika kampeni yao ya miaka ya 1990, na kati ya 1994 na 1997 utakasaji wa mikono ukapanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Mabango peke yake hayafiki huko. Sogeza chupa.

Orodha za kuhakiki nazo zina siri yao. Ile ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilitoka 2008. Ilipojaribiwa kwenye hospitali 8 za miji tofauti, toka Seattle na London hadi Manila na Ifakara, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zikaanza kutumia orodha za aina hiyo, na utafiti uliochapishwa 2014 haukuona tofauti ya maana. Wazo lile lile! Wataalamu wamebishana kuhusu sababu. Mimi nina yangu, na nimeipata kwa kusimama thieta, chumba cha upasuaji: nimeona orodha ikijazwa yote mgonjwa akiwa bado kwenye korido, na nimeona daktari bingwa akishusha mikono, akimgeukia mwanafunzi aliyekuwa mgeni pale, akamuuliza, "Wewe unaitwa nani, na kuna kitu umekiona ambacho sisi hatujakiona?" Mwanafunzi akasema fomu inasema mguu wa kushoto na alama ya kalamu iko kulia. Sasa niambie ni tiki gani ingesema hayo.

Wewe uliyelazwa, au unayemuuguza ndugu yako, usiogope kuwa msumbufu. Uliza hii ni dawa gani na ni ya nini. Ikibadilika rangi, ukubwa au idadi, uliza tena. Kama una mzio wa dawa, mwambie kila anayekuja na sindano, hata kama umeandikwa kwenye faili. Njoo na dawa zako za nyumbani zote, na pakiti zake, zikiwemo za mitishamba. Taja jina lako kamili mwenyewe, kwa sababu swali la "wewe ndiye fulani?" mgonjwa mwenye usingizi huliitikia tu, nimemwona mtu akiitika jina la jirani yake. Na kama unaona ndugu yako "si yeye", sema hivyo hivyo, bila kutafuta maneno ya kitaalamu. Mama mmoja aliniambia mtoto wake "ananitazama lakini hanioni". Vipimo vyote vilikuwa sawa. Tulimwita daktari kwa sentensi ile tu, na kabla ya usiku kuisha mtoto alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alitoka akiwa mzima.

Yule mzee wa insulini alikaa wodini siku tisa zaidi. Kila jioni aliidai sirinji aione kwanza, na kila jioni nilimpa. Nikazoea, nikaanza kuwaonyesha na wengine: hii ni insulini, uniti kadhaa, unakubali? Wengi wanatikisa kichwa tu nimalize niondoke. Wiki iliyopita bibi mmoja aliniambia ngoja, akapapasa chini ya mto, akavaa miwani, akaishika sirinji juu kwenye mwanga na kuhesabu mistari mmoja mmoja. "Haya," akasema, "choma."