Re: Mbona Wamarekani huapia bendera na Waingereza hawaapi?

Mkuu, anza na swali la nani anayeapiwa utii. Kwa Uingereza ni mfalme. Mbunge asiyeapa au kutamka utiifu kwa Charles wa Tatu haketi wala hapigi kura, ndiyo maana wabunge wa Sinn Féin, chama cha Ireland Kaskazini kinachotaka kuungana na Ireland, huchaguliwa lakini viti vyao London hubaki vitupu.

Marekani walishaachana na mfalme, hivyo rais huapa kuilinda Katiba. Lakini katiba ni karatasi, na mtoto wa darasa la kwanza ataisalimuje? Bendera ndiyo ikabeba kazi hiyo. Kiapo cha shuleni kiliandikwa na Francis Bellamy mwaka 1892. Maneno "chini ya Mungu" yaliongezwa 1954. Wengi hudhani ni lazima. Si kweli: Mahakama ya Juu iliamua 1943 kwamba mwanafunzi halazimishwi, na 1989 kwamba kuchoma bendera kwa kupinga serikali ni uhuru wa maoni. Hata kanuni ya kuimulika usiku ikiachwa nje, raia akiipuuza haadhibiwi.

Uingereza majengo ya serikali yalipandisha bendera siku maalumu tu hadi 2007. Ireland Kaskazini ndiyo balaa, kwani bendera mlangoni inataja upande wako: wa kubaki Uingereza au wa kuungana na Ireland.

Tena Waingereza wenyewe wakati mwingine huipandisha bendera yao kichwa chini. Tazama nusu iliyo karibu na mlingoti: mstari mweupe mpana wa mshazari lazima uwe juu ya ule mwekundu.