Riwaya ya Siri na Simu Mkononi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimenunua riwaya ya upelelezi kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Kisumu. Mtaalamu wa sanaa ameuawa, na siri imefichwa ndani ya mchoro wa Leonardo da Vinci, ule wa Karamu ya Mwisho. Kitabu kitamu! Shida ni kaka yangu anayefundisha historia. Kila nikimsimulia sura, jibu lake ni “uongo huo.” Sasa kila ukurasa nasimama kupekua kwenye simu, na utamu umeisha. Nifanyeje?
Msomaji wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu iache chumba kingine umalize kitabu. Mwandishi alikuahidi fumbo, si mtihani wa KCSE.

Ukimaliza, kirudie na penseli, sasa ukipekua lililo kweli. Vyama vya siri viruke, havina mwisho. Anza na ukuta wenye mchoro huo wa Karamu ya Mwisho. Leonardo alichora kati ya 1495 na 1498 katika chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milan. Wenzake walipaka rangi kwenye plasta mbichi, vikauke pamoja, na kazi hiyo inataka haraka. Leonardo hakuwa mtu wa haraka, akapaka kwenye plasta kavu. Haikuchukua muda rangi ikaanza kubanduka. Mwaka 1652 ulitobolewa mlango pale ukutani, na miguu ya Yesu ikaenda. Agosti 1943 bomu liliharibu vibaya chumba hicho, lakini ukuta wa mchoro, uliokingwa kwa mifuko ya mchanga, ukabaki umesimama. Ukarabati mkubwa ulioanza 1978 uliisha 1999.

Kwa hiyo shujaa wako akisoma siri kwenye kidole au shavu la mtume, muulize: hiyo ni brashi ya Leonardo, au ya fundi aliyekuja kuziba baadaye? Swali hilo hata kaka yako atalipenda.

Mimi muuaji wa kubuni simkatai. Ninayemkataa ni mwandishi anayemfanya mwizi aikunje Mona Lisa, mchoro mwingine wa Leonardo, kama mkeka. Ile imechorwa kwenye ubao wa mti! Na iliibwa kweli, Agosti 1911, na Vincenzo Peruggia, fundi aliyewahi kufanya kazi Louvre, jumba la makumbusho la Paris ulikokuwa mchoro huo. Ilipatikana Florence Desemba 1913. Ungekikuta kisa hicho riwayani, kaka yako angesema ni uongo.

Jumamosi moja mwombe akupeleke Kakapel, kule Teso, kaunti ya Busia. Kuna mwamba wenye michoro ya kale, maumbo ya duara na mifugo, iliyochorwa na watu wa nyakati tofauti, mmoja juu ya mwingine. Mwache yeye ndiye aeleze maana yake, nawe usikilize kwa uso wa mpelelezi.

Jina la kitabu niandikie. La muuaji liache, nataka kukisoma.