Ukimwambia arudie insha anakuletea mwandiko mzuri tu

Kuna mwalimu kaniandikia meseji juzi, anafundisha watoto wa miaka 12, 13 hivi, anasema ticha nikiwaambia wairekebishe insha wananirudishia ile ile, imenakiliwa kwa usafi, tahajia imekaa sawa, basi. Nikacheka maana hiyo ndo hali yetu sote.

Sio uvivu. Mtoto akisikia "rekebisha" anajua unazungumzia maneno tu, sio hoja. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, aliwalinganisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni na waandishi wazoefu, akaona wanafunzi wanabadilisha maneno wakati wazoefu wanahangaika na hoja yenyewe na umbo lake. Sasa kama wa chuo wako hivyo, huyu wa miaka 12 unamtegemea nini?

Mimi siku hizi najivuna, tena sijifichi, kwa sababu ya binti mmoja darasani kwangu aliyeandika insha ya kueleza kwa nini mwezi hubadilika sura. Koma mahali pake, utangulizi upo, hitimisho lipo. Ila aya ya kati kaeleza eti kivuli cha dunia ndo kinaula mwezi kidogo kidogo. Ningewinda makosa ya lugha kwa kalamu nyekundu angepata maksi zake nzuri akaenda nyumbani na maelezo ya uongo. Mimi huwa nawaweka wawili wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake kazi yake kuuliza tu pale asipoelewa, hakuna kusifu hakuna kusahihisha. Basi mwenzake akamuuliza, mbona kuna siku mwezi nusu na jua vinaonekana pamoja mchana, hicho kivuli kinatoka wapi? Binti kimya. Akaenda kusoma, akarudi kafuta aya nzima, kaandika kwamba jua huangaza nusu ya mwezi wakati wote, sisi tunaona sehemu tofauti ya ile nusu kadiri mwezi unavyoizunguka dunia, na kivuli cha dunia ni habari ya kupatwa kwa mwezi. Daftari likawa chafu, mishale kila upande, kikaratasi kimebandikwa pembeni. Hiyo jamani ndo insha iliyorekebishwa.

Mkubwa mmoja shule niliyowahi kufundisha alinyanyua daftari kama hilo mbele ya stafu nzima akauliza hiki nacho nini, watu wakacheka. Bado inaniuma, nikisema imeisha nitawadanganya. Walimu wenzangu, tukiendelea kuabudu daftari safi tutazalisha wanakili, halafu tunawalaumu watoto hawajui kufikiri, nani kawaomba wafikiri?

Kwa hiyo ticha wangu, rasimu ya kwanza usiiwekee maksi, mtoto akishaona namba maoni yako hayasomi. Mwambie pembeni ya kila aya aandike kwa sentensi moja aya inaeleza nini, akishindwa ujue imebeba mambo matatu, aigawe au aitupe. Waulizane maswali, nishasema lakini narudia, waulizane. Tahajia mwisho kabisa, ikiwezekana siku nyingine. Na anza na wale wanaojiona wanajua kuandika, hao ndo wagumu kufuta.