Bi Nesi Anajibu: Damu yangu ni nane, nyengine imekwenda wapi?

SUALI: Assalaam alaykum Bi Nesi. Mie ni mama wa watoto watatu niko Micheweni, Pemba, mdogo ana miezi minane. Tangu nijifungue nachoka ovyo, nikitoka kisimani na ndoo lazma nisimame njiani moyo unadunda na kichwa kinazunguka. Nlipima wingi wa damu (himoglobini) nikaambiwa nane nikapewa vidonge vya fefo (madini ya chuma na vitamini ya foliki), nikanywa siku tano choo kikawa cheusi tii nikaogopa nikaviwacha. Mama mkwe anasema ninywe juisi ya rozela tu damu itarudi. Alafu kuna la aibu kidogo, nakula udongo, siku haiishi sijautia mdomoni. Na huyu wa miaka miwili namuona mweupe mweupe, nimkatie nusu ya vidonge vyangu? – Mama Watatu

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Naanza na hilo la mwisho maana ndo lilonishtua: usimpe hata kipande, na hivo vidonge viweke juu kabisa asivifikie, mtoto mdogo akivimeza vingi ni sumu inayouwa. Na hata kwa kipimo kidogo, hapo hapo Pemba ulifanywa utafiti mkubwa ukachapishwa 2006, maelfu ya watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku bila ya kupimwa kwanza, na wakati ule malaria ilikuwa imejaa, basi walopewa wakalazwa na kufa zaidi kuliko wasopewa. Lakini wale walokuwa wamepungukiwa chuma kweli walifaidika, kwa hiyo dawa si mbaya, ubaya ni kuitoa kwa kukisia. Mpeleke akapimwe damu, malaria, choo, na siko seli pia (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), hasa kama macho yana umanjano au vidole viliwahi kumvimba. Seli nyekundu ya kawaida inaishi kama siku 120, ya mtoto wa siko seli haizidi sana siku 10 mpaka 20, inavunjika mapema. Mtoto kama huyo hana shida ya chuma kwa kawaida, ukimjaza chuma humsaidii kitu.

Ndo maana mie sipendi ile "una upungufu wa damu, shika vidonge" basi. Suali ni damu imekwenda wapi. Ama mwili hauna cha kuitengenezea (chuma, foliki, vitamini B12, au mafigo yamechoka), ama inamwagika pahala, ama inavunjwa kama hiyo ya siko seli na malaria.

Wewe nikikutazama kwa barua tu, naona chuma. Mimba tatu, uzazi, kunyonyesha, na hedhi ikirudi nzito ndo kabisa. Mwanamke asiye na mimba kawaida aanze 12, chini ya nane ni kali, kwa hiyo wewe uko mpakani hapo usifanye mchezo. Na udongo wala usione aibu, wengi wanaokula udongo au barafu au mchele mbichi ni chuma kinawadai. Tabu ni kwamba udongo wenyewe unazuia chuma kisiingie na unakuja na mayai ya minyoo, unazunguka hapo hapo.

Minyoo nayo tuiseme. Wazee wetu waliita safura, yule anaingia kwa nyayo ukitembea peku, anang'ata utumbo ananyonya kidogo kidogo kila siku. Miaka ya 1990 walipopima watoto wa skuli Pemba, safura alionekana ndo chanzo kikubwa cha upungufu ule mkali. Kwa hiyo waambie wakupime choo, na mkojo pia kama unakojoa damu maana kichocho bado kipo. Kunywa fefo huku safura yumo ni kutia maji tangi linalovuja.

Choo cheusi sasa: ni chuma kilobaki tu, si ugonjwa, rudia vidonge. Vikikuchafua tumbo kunywa na chakula, na vikikushinda kabisa waambie wakubadilishie usiwache kimya kimya. Usivinywe na chai wala maziwa, subiri kama saa mbili, hapa kwetu ndo tabu maana chai ya rangi inafuata kila kitu. Kamulia ndimu, inasaidia chuma kuingia. Damu ikifika 12 endelea kama miezi mitatu ghala lijae, wengi wanaacha wiki ya tatu wakijisikia wazima, baada ya muda wamerudi pale pale.

Mama mkwe mwambie kwa adabu rozela ni juisi nzuri ya kufungulia ila wekundu haugeuki damu, ingekuwa hivo bibi harusi na hina yake angekuwa na damu ya kugawa. Maini, dagaa, chaza na kombe ukipata, kunde, mchicha usiochemshwa ukamwagwa maji. Na ukianza kuhema hata umekaa kitako, hiyo siku nenda spitali usingoje.

SUALI: Mie mwanamme wa miaka 54, Fuoni, damu 9 na nanywa diklofenaki (dawa za maumivu) za goti mwaka wa pili. Ninunue fefo? – Babu Goti

JIBU: Kaka yangu, wewe huzai wala huna hedhi, damu ikipungua kwa mwanamme wa umri wako mara nyingi inavuja tumboni. Vidonda vya tumbo (hizo diklofenaki ndo zinavichimba), bawasiri, au uvimbe kwenye utumbo ambao tunataka tuujue mapema. Choo chako kikiwa cheusi kama lami na hujanywa chuma, hicho si cha kusubiri hata kesho. Fefo ukianza saivi itakuchafulia hiyo dalili, kapimwe kwanza, na za goti ziwache leo leo umwambie daktari akupe nyengine.