Petali ya tano: kwa wanaoanza kushona mifarishi ya maua

Mwezi wa Desemba, okota ua la mkrismasi lililoanguka chini, uliweke kiganjani. Ukimuuliza mpita njia rangi yake atakwambia jekundu, basi. Wewe litazame vizuri. Petali nne ni nyekundu inayoelekea chungwa. Ya tano imesimama peke yake, ina weupe na manjano, na juu yake mna madoa mekundu kama yaliyorashiwa. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nakata petali zote tano kwenye kitambaa kimoja chekundu, nashona, halafu nashangaa mbona ua limelala tu juu ya kitambaa. Siku nilipopata kipande cha kitenge cheupe chenye vidoti vyekundu, hakizidi kiganja, nikakiweka mahali pa ile petali ya tano, ua likaamka.

Ninaposema mfarishi nakusudia kazi ya tabaka tatu: uso wa viraka, katikati pamba au blanketi jembamba, na mgongo, vyote vimeshikwa kwa mshono mmoja. Wa kitandani hufuata vipimo vya kitanda. Wa ukutani, ambao ndio ninaouzungumzia, hufuata jicho la mshonaji.

Vitambaa usikimbilie kununua. Mtu akienda dukani huchukua anavyovipenda, na tunavyovipenda wengi wetu ni vya rangi kali, kwa hiyo anarudi nyumbani na vitambaa vitano vinavyogombana. Fundi cherehani wa mtaani kwenu ana kiroba cha mabaki chini ya meza. Nenda kwa salamu, muombe, na siku ya kurudi usiende mikono mitupu. Humo utakuta rangi ambazo usingezichagua hata siku moja: kaki ya sare za shule, kijivu cha suruali, kijani kilichochujuka. Hizo ndizo zitakazoyabeba maua yako. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa wa rangi kali mwanzo hadi mwisho, na aliyeutazama alikuwa hajui aanzie wapi.

Ukifika nyumbani, chambua. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kila kitambaa usichokijua, ziguse kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu. Poliesta iweke kando mpaka uzoee, maana pasi yenye moto wa kunyoosha pamba itaiharibu.

Halafu fua vyote, hasa vipya. Hapa naomba unisikilize, kwa sababu mimi sikusikia nilipoambiwa. Niliwahi kushona maua mekundu juu ya marikani, kazi ya miezi miwili na zaidi, kila jioni baada ya chakula. Nilipomaliza nikaufua mfarishi ili kutoa alama za chaki. Kanga niliyoikata ilikuwa mpya. Nilipouanika, kila petali ilikuwa imezungukwa na wingu la waridi, na weupe wa marikani haukurudi tena, hata baada ya kufua mara ngapi. Tangu hapo nyekundu, buluu iliyokoza na kaniki nazifua mbalimbali, kila moja na beseni lake, narudia mpaka maji yawe maangavu. Kitambaa kinachoendelea kutoa rangi hata mara ya tano hakikai karibu na cheupe.

Sasa lile ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Rangi zina majina, lakini ukiwa mbali jicho hutangulia kuona kiza na mwanga. Unaweza kuweka ua jekundu juu ya majani ya kijani ukadhani vinatofautiana kama mchana na usiku, kisha ukasimama mlangoni usione ua wala jani. Vipange viraka sakafuni, vipige picha kwa simu, uondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Mara nyingi ile nyekundu na ile kijani vitakuwa kijivu kilekile, kwa hiyo ua limezama. Badili kimoja: ama jani liwe na kiza zaidi, ama ua lipate mwanga. Mimi mabaki yangu siyapangi kwa majina ya rangi. Nina mifuko mitatu, wa kiza, wa kati na wa mwanga, na nyekundu zinapatikana katika yote. Kaniki na marikani hazikosekani kamwe, kwa kuwa hizo mbili zinaweza kutuliza kitu chochote utakachoweka juu yake.

Kabla ya kushona, tundika blanketi lenye manyoya ukutani na uvibandike viraka juu yake. Vidogo vitashika vyenyewe bila pini. Viache vilale hapo. Asubuhi, ukipita na kikombe cha chai, kiraka kisicho mahali pake utakiona bila kukitafuta.

Kanga na vitenge vina kazi yake ya kuchagua. Nakshi kubwa ikikatwa vipande vidogo hupotea, hivyo kata tundu la umbo la petali kwenye karatasi ngumu, ulisogeze juu ya kitambaa taratibu. Utashangaa: pembe ya korosho kwenye pindo la kanga inaweza kukupa petali iliyokwisha kutiwa kivuli, ambayo kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, usingeipata. Jina la kanga ama lichukue zima ama liache. Herufi zilizokatwa nusu huvuta jicho, na mtazamaji ataacha ua abaki anajaribu kusoma.

Upande wa mikono nina machache. Mshono wa kuunga viraka ni robo inchi kila upande, kwa hiyo mraba unaotaka ubaki inchi 4 ukate inchi 4 na nusu. Wanaosahau hesabu hii wakiunga viraka kumi vya inchi 4 hupata inchi 35 badala ya 40, na pindo haliwafiki. Miraba ikate kwa mnyoofu wa uzi. Petali zikate mshazari, ukingo wake utakunjika vizuri bila kufanya mikunjo. Ukiunganisha tabaka tatu, piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kuanzia katikati kwenda nje, usije ukafungia uvimbe ndani.

Ingawa wapo wanaofanya kinyume kabisa. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Waafrika waliofikishwa huko karne nyingi zilizopita, wengi wao kutoka upande wetu huu wa bahari, hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu. Wanawake huanzia pembeni, wanazunguka kwa mkono wakiongeza kiraka juu ya kiraka, mpaka wanakutana na katikati. Hawauhesabu kuwa umekwisha hadi kila pembe ipate kitambaa kidogo kilichokunjwa pembetatu. Kinaitwa phula, yaani ua, na bila hicho husema mfarishi uko uchi.

Nilipojifunza habari hiyo nilitoa mifarishi yangu yote iliyokuwa ndani ya sanduku. Mabaki ya kitenge cha vidoti bado ninayo, kidogo sana, nayakata pembetatu moja moja. Kila mfarishi ninaoumaliza sasa unapata maua manne, na mgongoni, karibu na pembe ya chini, nadarizi jina langu na mwaka.